Mita Arobaini za Nyongeza

Jumatatu, 21 Julai 2025

Nimepewa ndege. Si yote, vipimo vyake vitatu tu. Lakini ndege bila vipimo ni mtumbwi wenye mabawa, kwa hiyo nasema nimepewa ndege.

Ni ya Sadaf, binti wa Asgarali mwenye duka la vifaa Mikindani. Haina injini. Inavutwa na gari kwa kamba ndefu, inapaa, kamba inaachiwa, kisha inaelea juu ya hewa ya moto kama mwewe. Binti alijifunza kuirusha ughaibuni, akaileta kwenye kontena. Anataka kuchora ramani ya mikoko toka mdomo wa Ruvuma hadi Mnazi Bay bila kuwatimua ndege kwa kelele. Baba yake aliihifadhi ghalani miezi minane pamoja na magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho. Salfa imeingia kila mahali. Nyigu nao wamejenga.

Vipimo vimekufa vyote: cha kimo, cha mwendo, na kile kinachoonyesha kama unapanda au unashuka. Mkaguzi anakuja Jumanne ijayo kutoka Dar. Akivikataa, vitasafirishwa nje kutengenezwa, na Sadaf atarudi masomoni bila kuruka hata mara moja. Asgarali alikuwa ameshafunga boksi kwa utepe wa gundi. Nikamwambia hayo ni matusi kwa mkoa mzima. Korosho tunaipeleka nje na maganda yake, sasa tupeleke na mishale ya saa ikanyooshwe huko? Niliongea dakika ishirini. Akasema, Idrisa bhai, chukua, chukua, mradi unyamaze.

Ushindi wa hoja.

Nilitoa sharti moja. Vikipita, jina langu liandikwe kwenye kitabu cha ndege, kile kinachotaja kila fundi aliyeigusa. Idrisa Likwena, fundi vipimo, Ufukoni. Sadaf amekubali. Miaka ishirini na miwili nimenyoosha mizani za korosho wilaya nzima. Tangu ije mizani ya umeme, hakuna anayebisha hodi. Bisibisi zangu zimelala miaka mitatu, na Mwanaidi, mke wangu, alikuwa ameanza kuzitumia kutoboa mikebe ya maziwa.

Leo nimemnyang'anya zote.

Jumanne, 22 Julai

Kipima mwendo. Bomba dogo puani mwa ndege linapokea upepo, upepo unasukuma kiwambo ndani ya chombo, mshale unasogea. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo bombani. Nimewahamisha kwa njiti ya chelewa. Kisha nikapuliza kwa mdomo kuona kama njia iko wazi.

Njia iko wazi. Mshale umekwenda hadi mia mbili na hamsini na kukwama hapo. Ndege ambayo haijawahi kuruka imevunja rekodi ya kasi juu ya meza yangu ya kulia. Mwanaidi akauliza apakue wali au asubiri kwanza itue.

Danieli aliona yote kupitia dirisha. Huyu ni jirani, mstaafu wa hali ya hewa, miaka thelathini ya kupima mvua ambayo imeshanyesha. Ni Mmakua wa Masasi, mtani wangu, kwa hiyo ana ruhusa ya kimila kunizika nikiwa hai, na anaitumia kila siku. Akasema chombo kile hakipulizwi kwa mdomo, hasa mdomo wa mbishi. Akasema Mmakonde ukimpa saa ataichonga iwe kinyago. Nikamjibu kwamba Mmakua ukimpa saa ataitegea panya.

Akaomba kikombe cha chai. Mwanaidi akampa kikubwa kuliko changu.

Jumatano, 23 Julai

Nimekifungua. Ndani kuna gurudumu dogo lenye meno membamba kama nywele, na jino moja lilikuwa limeruka mahali pake. Nimelirudisha kwa kibano cha nyusi cha Mwanaidi, miwani miwili juu ya pua, saa nne za kazi. Mkono haukutetemeka hata mara moja. Ningependa sentensi hiyo isomwe tena.

Jioni Danieli akaja na mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule unaopitisha mwanga ambao hutumika kusawazisha msingi wa nyumba. Akaukunja, akatia maji, ncha moja akaiunga kwenye kipimo. Ukiinua ncha ya pili, maji yanasukuma hewa, na hewa inasukuma mshale. Alisema maji yakipishana sentimita tano, mshale lazima usome kilomita mia moja na mbili kwa saa. Ulisoma mia moja na mbili. Sentimita kumi, mia moja arobaini na nne. Ulisoma mia moja arobaini na nne.

Danieli alipima upya mara mbili, akasahau kunitania. Kwa Mmakua, huo ni wimbo wa sifa.

Nilimwambia mpira ni wazo zuri na kwamba nami nilikuwa njiani kulifikia.

Kile cha kupanda na kushuka kilikuwa kimejaa salfa tu. Nimekisafisha kabla ya isha. Viwili vimekwisha, kimebaki kimoja. Kuna watu wanakwenda vyuoni miaka mitano kujifunza haya.

Alhamisi, 24 Julai

Kipima kimo ni mwizi. Niliamini nimekitengeneza. Saa nne asubuhi, juu ya meza yangu, kilisoma mita nane. Saa kumi alasiri, juu ya meza ileile, kilisoma mita thelathini na moja. Nimetoka nje kuangalia. Nyumba iko palepale.

Nilimshuku Danieli. Nilikwenda kwake na kumweleza historia ya hujuma za kiufundi tangu ukoloni. Alisubiri nimalize. Akasema hewa nayo ni bahari. Ina kujaa na kupwa, mara mbili kila siku. Alasiri inakuwa nyepesi, na chombo kinadhani kimepanda. Ndiyo maana mrushaji huuliza uzito wa hewa kila mara kabla ya kupaa, akakisawazisha kwa kitufe kile cha pembeni. Alisema ameiandika bahari hiyo daftarini kwa miaka thelathini, na hakuna siku hata moja iliposahau kupwa.

Nikamwambia bahari isiyo na samaki siikubali.

Lakini nimerudi nyumbani nikakaa mbele ya chombo hadi giza. Kilishuka chenyewe, taratibu, kama mtu anayeona haya.

Ijumaa, 25 Julai

Nimepata mwanga msikitini. Khatibu amezungumzia watu wanaopunja vipimo, na adhabu inayowangoja. Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi niliinua changu. Kama kupunja ni dhambi, basi kuzidisha ni thawabu. Hakuna mwanachuoni aliyewahi kunipinga katika hili. Sijamuuliza yeyote.

Hii ndiyo siri ya kazi yangu, na naiandika hapa kwa fahari. Mizani yoyote niliyoigusa haikumwibia mkulima. Wanunuzi walikuwa wanakula kilo mbili katika kila gunia, mchana kweupe, mkulima amesimama pale na mkono wake kwenye shavu. Mimi nilikuwa nageuza skrubu moja. Gunia la kilo themanini likasoma themanini na moja. Ile moja ni nyongeza, kama nyanya ambayo mama wa sokoni anakutupia kapuni ukishalipa. Kipimo kisicho na nyongeza ni kipimo cha bahili.

Kwa nini mrushaji ndege apewe kipimo cha bahili?

Nyuma ya uso wa kipima kimo kuna skrubu. Ukiilegeza, kitufe kinaachana na mshale. Nimemwongezea Sadaf mita arobaini. Hajui. Sadaka ya kweli haitangazwi.

Jumamosi, 26 Julai

Leo ilibidi nikiwekee sifuri. Sifuri ni usawa wa bahari, kila kitabu kinasema hivyo. Lakini bahari ipi? Iliyojaa au iliyokupwa? Vitabu vinasema katikati, kwa kuwa vimeandikwa na watu wanaoishi mbali na maji. Mimi nimechagua iliyokupwa, maana mwananchi anapata mita nne zaidi.

Bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Saa tano asubuhi maji yalikuwa mbali kabisa. Nilitembea hadi mwisho wake, kigoda kichwani, chombo kifuani. Wanawake waliokuwa wakichokoa chaza waliacha kazi. Mmoja, Bi Salma, aliniuliza saa hiyo inasema ngapi. Nikamjibu inasema sifuri. Akasema basi baba uondoke kabla haijasema moja, kwa sababu maji yakirudi huku hayaulizi. Wenzake wakacheka kwa namna ambayo sikuipenda.

Nilikuwa bado naeleza tofauti ya sifuri ya kisayansi na sifuri ya kisiasa maji yaliponifika magotini. Kigoda kimekwenda. Chombo ni salama, nilikiweka juu ya kichwa.

Jumla, mita arobaini na nne.

Jumapili, 27 Julai

Danieli ametoka kanisani akaja moja kwa moja. Mwanaidi alikuwa amemsimulia kila kitu. Mke anayetunza siri atapatikana wapi siku hizi?

Hakutania, na hilo lilinikera zaidi. Alisema kimo si korosho. Mkulima anaibiwa akiambiwa kidogo kuliko alichonacho. Mtu aliye angani anaibiwa akiambiwa kingi. Nilimwambia hiyo ndiyo lugha ya kila mnunuzi niliyepigana naye: mwananchi apewe kidogo kwa faida yake mwenyewe. Nilimtajia mifano saba. Alisikiliza yote saba. Kisha akasema, mtani wangu, siku nikikuzika wewe kwa utani nitacheka na kudai ubani, lakini yule binti sitacheka.

Maneno makali. Nimeyaandika ili niweze kuyajibu vizuri siku nyingine.

Akanitaka niondoe mita zile leo, au kesho atakwenda kwa Asgarali. Nikamwambia aende. Mkaguzi ataona mwenyewe kazi ya mtu aliyesoma na huruma ya mtu aliyekulia shambani, vyote katika chombo kimoja. Alipotoka nilipaka rangi kibao kipya: VIPIMO VYA ANGA NA NCHI KAVU. Mwanaidi alisema nimesahau bahari. Nikamwambia bahari nimeachana nayo tangu jana.

Jumanne, 29 Julai

Siku yangu.

Kiwanja ni cha udongo, nje ya mji. Walikuwepo Sadaf, Asgarali, Danieli aliyejileta baada ya kumkosa Asgarali dukani jana, na mkaguzi, Bi Helena, mwanamke wa makamo mwenye viatu vizito na kalamu tatu mfukoni. Nilivaa koti la harusi yangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi ya kurasa sita.

Alianza na kipima mwendo. Alikiunga kwenye mashine yake ya kupimia, akakipeleka juu, akakishusha, akakirudia. Akauliza nani amekirudisha kile kijino. Nikasema mimi. Akauliza kwa kifaa gani. Nikasema kibano cha nyusi. Alinitazama, akaandika: kimepita. Kile cha kupanda na kushuka, kimepita. Asgarali alinipiga bega. Niliona jina langu likitembea taratibu kuelekea kitabuni.

Danieli akakohoa. Akasema, Bi Mkubwa, kile cha tatu kiangalie kwa jicho la pili.

Hujuma. Mbele ya watu.

Bi Helena akauliza uwanja mkubwa wa ndege kwa simu uzito wa hewa wa saa ile, akazungusha kitufe, akalinganisha na chombo chake mwenyewe. Akakunja uso. Akasema hiki kinazidisha mita arobaini na mbili.

Nilipinga papo hapo. Nilimwambia niliweka arobaini na nne, na kama kuna mbili zimepotea basi ofisi yake ieleze zimekwenda wapi.

Bi Helena akaweka kalamu chini. Sadaf akauliza, Mzee Idrisa, uliweka? Nikafungua hotuba. Niliwaeleza habari ya gunia, ya skrubu, ya nyanya kapuni. Nilifika ukurasa wa tatu. Bi Helena akasema kwa upole kwamba yeye akipanda ndege hataki zawadi. Akasema anaweza kuifungia ndege ile leo hii kwa mwaka mzima. Asgarali alikaa juu ya tairi na kujipepea kwa kofia yake. Sadaf alisogea pembeni. Alikuwa akitazama bawa la ndege yake kama mtu anayeaga.

Hapo nilijisikia vibaya kidogo. Joto lilikuwa kali.

Bi Helena akanipa bisibisi. Akasema mkono uliorudisha kijino kile unaweza pia kurudisha skrubu, na nifanye mbele yake. Nilirudisha. Mita moja moja, huku yeye anahesabu na Danieli anatikisa kichwa kwa kila moja kama mzee wa kanisa. Nimewahi kung'oa jino bila ganzi. Hili liliuma zaidi. Mshale ulipolingana na wa chombo chake, alikipima tena mara tatu, akaandika kitabuni.

Nimeomba kusoma. Imeandikwa hivi: kipima kimo kilizidishwa mita 42 na fundi I. Likwena, Ufukoni. Kimerekebishwa na fundi I. Likwena, Ufukoni, mbele yangu. Ndege inaruhusiwa kuruka.

Jina langu limo mara mbili. Danieli hayumo hata mara moja.

Jumatano, 30 Julai

Sadaf ameruka. Gari la Asgarali lilivuta, kamba ikakaza, na kile kitu cheupe kikaacha ardhi bila sauti yoyote. Sijawahi kuona kitu kikubwa kikifanya kazi kimya hivyo. Danieli alivua kofia. Ndege ilizunguka juu ya mashamba ya Ziwani, ikawa ndogo kama kokwa. Niliwaambia watu waliokusanyika kwamba kila alichokuwa akikisoma kule juu kimepita mikononi mwangu. Mama mmoja akauliza kama mimi ndiye niliyemtuma huko, ili wajue wa kumshitaki.

Sadaf alikaa angani dakika arobaini. Aliposhuka alikuja kwangu kwanza, kabla ya baba yake. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na unacheka. Alinishika mkono. Alisema mshale wa mwendo haukumdanganya hata kidogo, shikamoo fundi.

Kisha akaacha kucheka. Alisema wakati wa kurudi jua lilikuwa machoni, na vumbi la salfa kutoka mikoroshoni lilikuwa limefunika miti, haoni ilipo. Alitegemea kipima kimo peke yake. Kilisoma hamsini, naye akaingia moja kwa moja kutua. Akasema, Mzee Idrisa, na zile zako ningesoma tisini na mbili. Ningezunguka tena. Minazi ningeikuta katikati ya mzunguko.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtu anayemwambia jirani mlango wake uko wazi.

Sikula chakula cha mchana. Mwanaidi aliniwekea, akaondoa. Nilikaa uani na kufikiri kwa muda mrefu, na kwa uaminifu ambao wapinzani wangu hawana.

Tatizo ni minazi. Hakuna aliyewahi kuipangia urefu.

Alhamisi, 31 Julai

Asgarali amekuja, kwa mlango wa uani, na mfuko wa rambo. Nilidhani ameleta lawama. Akafunga mlango nyuma yake. Akauliza kama Mwanaidi yupo. Yuko sokoni. Akatoa kipimo chake cha presha: mshale, mpira, na kile kitambaa cha kufunga mkononi.

Mkewe Fatemabai humpima kila asubuhi na kuandika kwenye kalenda ya jikoni. Tangu ndege ile ipae, presha inasoma mia na themanini. Amemfungia achari, amemfungia chumvi, hata bajia anakula kwa kunusa. Asgarali alinong'ona. Alisema, Idrisa bhai, wewe uliweza kuongeza. Je, kupunguza unaweza?

Hatimaye, mtu aliyenielewa.

Nilikifungua. Ni ndugu wa kipima kimo, kiwambo kilekile, mshale uleule, hata skrubu wameiweka mahali palepale. Nikaligundua kosa langu la wiki nzima, na nalikiri hapa bila haya. Nilidhani kila mwananchi anataka kuongezewa. Kumbe lazima kwanza umuulize. Nilimpunguzia hamsini. Nikampima: mia na thelathini. Rangi ilimrudi usoni hapohapo. Alinishukuru kwa mikono yote miwili na kuniita daktari. Madaktari wamehangaika naye miaka tisa. Mimi nilitumia dakika kumi na moja.

Saa nane alipiga simu, mdomo umejaa. Fatemabai amempima upya, kalenda imeandikwa, kabati limefunguliwa, anakula achari ya maembe na bajia za moto.

Nilimsimulia Mwanaidi aliporudi, nikidhani atafurahi. Aliweka kapu chini, akapita ukutani kwa Danieli. Wakanong'ona. Sijui kwa nini watu wema hupenda kunong'ona. Danieli akatoka na shati ambalo halijafungwa vifungo, akarukia bodaboda, akapiga kelele apelekwe Mikindani upesi, kwa Fatemabai. Umri ule, jua lile, haraka zote zile kwa ajili ya wivu. Presha itampanda tu.

Akirudi nitamshushia bure. Mtani ni mtani.